Maombi Matatu kwa Dele Moja: Kutengeneza katuni ya sekunde 90 kwa manila, mkasi na simu

Katuni hii ni hadithi ya maombi matatu kwa jini, na wahusika wake ni vikaragosi vya karatasi unavyovisogeza kidogo kidogo na kuvipiga picha moja moja kwa simu. Ombi zuri la katuni ni lile unaloweza kulikata kwa mkasi. Mtoto akiomba jumba la kifalme, itabidi uchore jumba, walinzi, bustani na chemchemi, na mpaka hapo hakuna aliyecheka. Akiomba mguu wa dhahabu ili afunge mabao, unabadilisha kipande kimoja cha manila, na vichekesho vinaanza palepale kwa sababu mguu wa dhahabu haunyanyuki. Hadithi na mkasi viende pamoja tangu mwanzo. Wengi huandika kwanza, wakafurahia walichoandika, kisha wakakwama mezani siku ya tatu.

Mfano tutakaoufuata ni huu: Sefu na Chausiku, wa miaka kumi hivi, wanacheza mpira uchochoroni. Mpira unagonga dele la zamani, yaani birika la kahawa, moshi unatoka kwenye mdomo wake, na nyuma ya moshi yupo jini. Dele linafaa kuliko taa. Mtazamaji wa Lamu, Mombasa au Unguja amelijua mkononi mwa muuza kahawa tangu utotoni, na lina vikombe vyake vidogo, ambavyo vitatufanyia kazi ya kuhesabu maombi.

Tahadhari moja ya kwetu: kwa familia nyingi za pwani jini si mzaha. Mfanye wa vichekesho tangu fremu ya kwanza, yaani mnene, mwenye kofia iliyompwaya, anayenusa tangawizi, na usimpe dua, ubani wala mganga. Ukiona bado hadhira yako itakunja uso, weka kobe mzee badala yake. Kanuni zote zilizo hapa chini zinabaki vilevile.

Kanuni za jini

Weka kanuni tatu, zisizidi. Anayekunywa kikombe ndiye anayeomba. Jini hufuata neno, hafuati nia. Dele likipoa, jini anarudi ndani na lililotendeka limetendeka. Kanuni ya tatu ndiyo saa yako: moshi wa dele ukizidi kuwa mwembamba kwenye kila shoti (kipande cha video kilichopigwa bila kukatwa), mtazamaji anajua muda unakwisha bila mtu kusema neno. Kanuni zote zitajwe ndani ya sekunde nane. Ukihitaji zaidi ya hizo, hadithi ina tatizo mahali pengine.

Kanuni ya pili ndiyo mgodi wa vichekesho, na Kiswahili kina utajiri hapo. Tafuta misemo ambayo ikichukuliwa neno kwa neno inageuka picha. "Nataka jina kubwa": herufi nzito zinaanguka kutoka angani. "Nataka watu wote wanitupie macho": hapo watoto wadogo watalia, achana nayo. Kijana anayetaka "kupata jiko" akaletewa jiko la mkaa ni kichekesho kizuri, ila ni cha wakubwa. Uliza msemo wowote maswali mawili: je, mtoto wa miaka saba anaujua? Je, unaonekana bila sauti? Kama jibu la swali lolote ni hapana, uache.

Maombi mawili ya kwanza ni ya Sefu. Kikombe cha kwanza, mguu wa dhahabu. Kikombe cha pili, jina kubwa, na herufi zinaangukia goli alilokuwa analilinda Chausiku. Hapa ndipo wengi wanapokosea: wanaacha ombi limdhuru mwombaji tu. Kila ombi lazima limguse rafiki kwa namna fulani, la sivyo una mfululizo wa vituko na huna hadithi ya urafiki. Mguu wa dhahabu unamzuia Sefu kucheza, kwa hiyo Chausiku amebaki bila mwenzake. Jina kubwa linamfukia kabisa.

Kikombe cha tatu anakunywa Chausiku, na silaha yake ni kiambishi kimoja. Sefu alisema "nataka" mara mbili. Yeye anasema "tunataka". "Tunataka kucheza." Jini anafuata neno: mwenye mguu wa dhahabu hawezi kucheza, basi mguu unarudi wa nyama, aliyefukiwa na herufi hawezi kucheza, basi herufi zinatoweka. Ukali uleule wa jini ulioharibu ndio unaotengeneza. Halafu, kwa kuwa kucheza kuna maana mbili, anawachezesha ngoma mpaka dele linapoa, huku wao wakipiga kelele "Mpira! Mpira!" Huo ndio mwisho. Usiongeze shoti ya kukumbatiana.

Ugawaji wa sekunde unaofaa: mpira na kugundua dele 14, jini na kanuni 18, mguu 20, jina 15, kikombe cha tatu 13, ngoma 10. Jumla 90. Jini akitokea, watoto waogope, watetemeke, lakini waseme "Shikamoo babu", naye agome kuanza kazi mpaka wote wawili wamwamkie. "Marahaba" yake iliyovutwa polepole hukuletea kicheko cha kwanza kwa gharama ya kipande kimoja cha mdomo kilichokatwa kwa umbo la A.

Sauti kabla ya picha

Rekodi mazungumzo yote kabla ya kukata hata karatasi moja. Ingia kwenye kabati lenye nguo zilizoning'inia, au jifunike blanketi zito. Simu iwe sentimita 20 kutoka mdomoni, pembeni kidogo ili herufi P na B zisipulize maiki. Zima feni na friji iliyo karibu. Rekodi kila sentensi mara tatu kwa kasi tofauti, na mwishoni acha sekunde tano za ukimya wa chumba hichohicho. Utazihitaji kuziba mapengo wakati wa kuunganisha.

Kisha hesabu fremu. Filamu za kawaida huenda fremu 24 kwa sekunde, lakini wahuishaji wengi huacha kila picha idumu fremu mbili, yaani picha 12 kwa sekunde. Hiyo ndiyo kasi yetu, na kuanzia hapa fremu moja ni picha moja kati ya hizo 12: sekunde 90 mara 12 ni picha 1,080. Karibu thuluthi yake itakuwa picha za kusimama ambazo programu itazinakili, hivyo utapiga kama 700 kwa mkono. Anayeanza hupiga picha moja kwa dakika hivi akiwa makini. Panga saa 12 za kazi, usizimalize kwa siku moja. Mgongo ukichoka, vidole vinaanza kubahatisha.

Midomo ni sehemu ambayo Kiswahili kinakupendelea. Silabi zetu karibu zote huishia kwa irabu, kwa hiyo mpangilio ni rahisi: fremu moja ya konsonanti, fremu moja ya irabu. Midomo saba inatosha: uliofumbwa (M, B, P), nusu wazi (konsonanti nyingine), A, E na I kwa pamoja, O, U (ambao pia ni W), na ule wa meno juu ya mdomo wa chini (F, V). Chati za midomo zilizotengenezwa kwa Kiingereza huwa na maumbo mengine ambayo hutayagusa kabisa.

Chukua "Nataka mguu wa dhahabu". Ina silabi kumi, yaani fremu 20 kwa msemaji wa kasi ya kawaida. Na-ta-ka: nusu, A, nusu, A, nusu, A. Kisha M ya "mguu", ambayo ni silabi kamili peke yake: fumba kwa fremu mbili. Ukiifumba fremu moja tu, Sefu ataonekana anasema "guu". Gu-u: nusu, U, U, U. Wa: U, A. Dha-ha: nusu, A, A, A, kwa kuwa H haina umbo lake. Bu: fumba, U. Andika haya kwenye karatasi yenye safu nne (namba ya fremu, silabi, mdomo, kitendo) na uibandike ukutani mbele yako. Sauti ikiwa ya haraka au ya kuvuta, pima urefu wake kwenye programu na ugawe upya. Usilazimishe fremu mbili kwa mtu anayeimba.

Vikaragosi

Kila mtoto ana urefu wa sentimita 20 na vipande 10: kichwa, kiwiliwili, mikono miwili yenye vipande viwili kila mmoja, miguu miwili vivyo hivyo. Kichwa kiwe kikubwa, robo ya urefu wote au zaidi. Uso mdogo hauchekeshi. Tumia manila, chora kwa penseli, paka rangi kabla ya kukata, kisha pitisha kalamu nyeusi kwenye kingo za karatasi ili ule weupe wa mkato usionekane kwenye kamera. Wengi hulisahau hili, halafu hushangaa kwa nini mikono ina mstari mweupe unaowakawaka.

Maungio yafanye kwa uzi: toboa kwa sindano, pitisha uzi mnene, funga fundo mbele na nyuma, kata. Fundo likilegea mkono unaning'inia. Likibana sana kiwiliwili kizima kitageuka ukisogeza kiganja. Kipimo sahihi ni kwamba mkono ubaki ulipouacha ukikinyanyua kikaragosi kwa kichwa. Nyuma ya kiwiliwili na nyuma ya kila wayo gundisha washa ndogo (ile pete bapa ya chuma ya kuwekea nati) au sarafu ili kitulie chini. Ujanja huu si mgeni. Mjerumani Lotte Reiniger, katika filamu yake ndefu ya vivuli iliyotoka 1926, ambayo ndani yake Aladini yumo pia, alitumia vikaragosi vya kadi nyeusi na bati jembamba la madini ya risasi. Wewe usitumie risasi, ni sumu. Washa ya duka la vifaa inatosha.

Jini hana miguu. Kiunoni anaishia kwenye mkia wa moshi, nawe umejiokoa na kazi ya kumtembeza. Mchore kwa saizi sita: sentimita 3, 6, 10, 15, 20 na 26. Kutoka kwenye dele kunakuwa kubadilisha saizi moja kila fremu mbili, na ile ya mwisho iingie kubwa kupita kiasi kwa fremu mbili kabla ya kurudi ya 20. Moshi ni pamba ya dukani iliyovutwa mpaka ionyeshe mwanga. Ivute na kuigeuza kidogo kila fremu. Pamba isiyosogea inafanana na kondoo.

Mguu wa dhahabu usiutengeneze kwa karatasi ya dhahabu inayong'aa. Inaonekana wazo zuri, lakini kila ukiusogeza milimita moja unarudisha taa kwa pembe nyingine, na kwenye video unametameta kama taa mbovu. Paka manjano iliyoiva, weka kivuli cha kahawia upande mmoja na mistari miwili myeupe. Macho ya mtazamaji yatamalizia.

Herufi za jina ziwe za kadibodi, kila moja na urefu wa sentimita 14. Ndiyo sababu shujaa anaitwa Sefu, haitwi Abdulrahman.

Kwa mazungumzo tengeneza kichwa cha pili cha kila mhusika, chenye sentimita 18 na midomo ya sentimita 4, kwa ajili ya klosapu, yaani picha ya karibu. Midomo ya kikaragosi kidogo haionekani, na kuibadilisha kwa vidole ni mateso. Hifadhi midomo kwenye trei ya barafu, kila umbo na tundu lake, uiweke kwa kibano na uishike kwa gundi laini ya kubandika mabango, kiasi cha punje ya mchele.

Sakafu, mbao na mwanga

Piga picha sakafuni. Meza hutikisika mtu akipita, sakafu ya saruji haitikisiki. Weka viti viwili vya urefu mmoja, laza ubao imara juu yake wenye tundu la sentimita 4, na simu ilale juu ya ubao kamera ikitazama chini. Kutoka urefu wa sentimita 45, simu nyingi huona upana wa sentimita 60 hivi, karibu sawa na karatasi ya A2, nayo ndiyo saizi ya mandhari yako. Bana mandhari kwa utepe wa gundi pembe zote nne. Simu nayo ibane kwenye ubao. Ikisogea katikati ya shoti, shoti yote imekufa, kwa sababu hutaweza kuirudisha palepale.

Pakua programu ya kupiga fremu moja moja. Stop Motion Studio inapatikana kwa Android na kwa iPhone. Muhimu ni ionyeshe kivuli cha picha iliyopita juu ya ile unayotaka kupiga. Weka kasi 12, weka simu hali ya ndegeni, acha nafasi ya GB 2. Kisha funga fokasi, mwangaza na rangi. Bila kufunga, simu itaamua upya kila mara mkono wako unapoingia kwenye picha, na video itapumua: inang'aa, inafifia, inang'aa. Hilo ndilo kosa namba moja la wanaoanza, na haliponi kwenye kuunganisha.

Taa mbili za LED za wati 9, kutoka pakiti moja ili rangi zifanane, kushoto na kulia kwa pembe ya digrii 45. Funga mapazia hata kama ni mchana, maana jua linatembea na wingu halikuombi ruhusa. Piga picha 24 za mandhari tupu na uzicheze. Zikimetameta, weka shata (muda ambao kamera inapokea mwanga) sekunde 1/50, kwa kuwa umeme wetu ni wa 50 Hz. Vaa nguo nyeusi au ya rangi iliyokolea. Shati jeupe hurudisha mwanga juu ya kazi yako. Feni lazima izimwe, na joto la Dar mwezi Februari utalivumilia au utapiga usiku. Umeme ukikatika katikati ya shoti, usimalizie kwa tochi: ngoja, au anza shoti hiyo upya.

Kuchezesha

Hakuna kitu kinachoanza kwa kasi kamili. Mkono unaonyanyuka uende milimita 2, 4, 8, 12, 12, 8, 4, 2. Ukiugawa sawasawa utapata mkono wa roboti. Kutembea ni fremu 6 kwa hatua, na mwili unasonga sentimita 1 kila fremu. Unyayo ulio chini usiteleze, shika alama ndogo ya penseli kando yake. Kupepesa jicho ni fremu tatu: nusu, funge, nusu. Anayesimama bila kupepesa kwa sekunde mbili anaonekana amekufa.

Uzito wa mguu wa dhahabu hauonyeshwi na mguu. Unaonyeshwa na vingine vyote. Sefu anainama nyuma fremu 4 kujiandaa kupiga mpira, kiwiliwili kinaruka mbele fremu 2, mikono inafuata, kofia inafuata, na wayo wa dhahabu haujasogea hata unywele. Anaanguka kifudifudi. Hapo mandhari yote isogeze milimita 3 juu, 3 chini, 1 juu, kisha irudi; uchochoro umetikisika. Mpira, ambao hakuna aliyeugusa, ubingirike wenyewe polepole mpaka langoni mwa Chausiku kwa fremu 18, naye audake kwa kidole kimoja. Sauti ya wayo huo rekodi kwa mchi mzito unaotua kwenye kinu kitupu.

Kati ya ombi na matokeo yake acha pengo. Sefu amesema, jini anatikisa kichwa, kimya fremu 10, kikombe tu kinafuka, ndipo mguu unageuka, kwa fremu moja, bila nyota wala mng'aro. Wanaoanza huogopa kimya na kukijaza muziki. Kisha klosapu ya Chausiku akiutazama mguu, fremu 18, anapepesa mara moja. Kicheko kinakuja kwenye uso wake.

Ngoma ya mwisho itakuokoa muda. Piga mzunguko mmoja wa fremu 24 wa nyonga na mabega kwa wote watatu, unakili mara tano, nazo ni sekunde 10. Moshi wa dele upige mpya kwenye kila mzunguko, ukipungua. Kwenye mzunguko wa nne ubaki uzi mmoja, na kwenye wa tano hamna kitu.

Kuunganisha

CapCut kwenye simu au DaVinci Resolve kwenye kompyuta, zote zina toleo la bure. Weka sauti kwanza kwenye mstari, kisha picha zifuate sauti. Mdomo ukichelewa, wahisha picha kwa fremu moja. Jicho husamehe mdomo uliotangulia kuliko uliochelewa. Muziki uwe wako au wa leseni huria; wimbo uliokopwa redioni utaondolewa au mapato yake yatakwenda kwa mwenyewe. Manukuu, yaani maneno yanayoandikwa chini ya picha, weka hata kama wote wanasema Kiswahili, kwani wengi hutazama kwenye daladala bila sauti, na "tunataka" ya Chausiku lazima isomeke: ipake rangi tofauti "tu" yake.

Toa video kwa 1080p, fremu 24 kwa sekunde, programu itarudia kila picha mara mbili. Ukipandisha YouTube, chagua kwamba imetengenezwa kwa ajili ya watoto. Tangu Januari 2020 ni lazima kutamka, na maoni hufungwa yenyewe. Vikaragosi usivitupe. Vilaze ndani ya kitabu kikubwa, mbali na unyevu, maana manila iliyokunjamana haikubali kulala tena chini ya kamera.